MRI haina mionzi ya eksirei, cha kuogopa ni chuma
Wengi huikimbia MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, wakidhani inapiga mwili mionzi kama eksirei au CT-scan. Sivyo kabisa. Hutumia mawimbi ya redio na sumaku, mara nyingi ya tesla (kipimo cha nguvu ya sumaku) 1.5 au 3, na sumaku hiyo kwa kawaida haizimwi hata usiku. Mtungi wa oksijeni wa chuma ukiingizwa chumbani huruka kama risasi. Kwa hiyo vua pini za hijabu, heleni, hirizi yenye bati. Simu ibaki nje. Mwenye betri ya moyo aseme mapema. Na wewe fundi wa kuchomelea, tafadhali sema kama kipande cha chuma kiliwahi kukuingia jichoni. Mashine hugonga kwa kelele kubwa, ndiyo maana unapewa vizibo vya masikio. Ukizidiwa na hofu, binya kile kipira ulichopewa mkononi, wahudumu watakujia.