Baada ya tufani ya kusi: yanayosemwa na yaliyo kweli kwa mama mjamzito wa visiwani Lamu

Usiku wa Jumapili upepo wa kusi uliezua upande mzima wa makuti ya jikoni kwetu hapa Pate, ukaangusha mnazi juu ya ua, na mvua ikatufuata hadi kitandani. Kulipopambazuka tukawa tunaanika magodoro na kuokota vifuu vilivyosambaa uwanjani. Wifi yangu, ambaye mimba yake imeingia mwezi wa nane, alikaa barazani miguu ameinyoosha, na kila jirani aliyepita kutujulia hali alimwachia wasia wake. Mmoja alisema radi imemshtua mtoto. Wa pili alimkataza maji ya dawa. Wa tatu akamwambia asithubutu kupanda chombo mpaka bahari itulie, hata ikichukua mwezi mzima.

Wote walimtakia heri. Lakini mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii, na kila msimu wa kusi naona jambo lile lile: upepo hupita na mama akabaki mzima, kisha siku kumi au ishirini zinazofuata ndizo zinazomuumiza, kwa maji, moshi, mbu na safari iliyoahirishwa. Kwa hiyo nayaandika hapa niliyomjibu wifi yangu, moja baada ya jingine, kama tulivyoyazungumza pale barazani.

"Radi imemshtua mtoto, atazaliwa na alama"

Hapana. Mtoto anaelea ndani ya maji, amezungukwa na ukuta wa kizazi na mwili wa mama yake. Mimba ikishakua, mtoto husikia sauti kubwa na huenda akaruka, kisha hutulia. Alama za ngozi hazitokani na ngurumo. Cha kuogopa katika radi ni radi yenyewe: mama asijikinge chini ya mnazi, wala asibaki ufukweni au ndani ya mashua wazi.

"Kimbunga cha Tanzania kinakuja kwetu"

Hofu hii ilienea sana Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika kisiwa cha Mafia. Lamu iko karibu nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta, na vimbunga vya bahari kwa kawaida havijiundi wala haviishi karibu hivyo na ikweta, kwa kuwa nguvu ya mzunguko wa dunia inayovizungusha ni hafifu huku. Tunachopata sisi ni mawimbi makubwa, upepo na mvua. Na hayo yanatosha kabisa kutukata na hospitali. Mafuriko ya Mto Tana ya mwisho wa 2023, na tena ya 2024, yaliifunga barabara ya Malindi kuja Lamu bila kimbunga chochote kufika kwetu.

"Mai ya mvua hayana ila"

Hili ndilo nililokaa nalo muda mrefu kuliko yote, kwa sababu nimelelewa nalo. Visiwani kwetu tumeishi kwa majabia, yaani matangi ya kukingia maji ya mvua, tangu enzi za mababu, na maji ya mvua ni neema. Ni kweli yanaposhuka kutoka mbinguni hayana kitu. Lakini kabla ya kuingia jabiani yamepita juu ya sakafu au paa ambalo upepo umelijaza majani, vinyesi vya ndege na pengine panya aliyekufa. Baada ya tufani, jabia ambalo halikufunikwa ni la kutiliwa shaka, na kisima kilicho karibu na choo kilichofurika ni cha kutiliwa shaka zaidi.

Kwa mjamzito jambo hili ni zito kuliko kwa mtu mwingine. Kuharisha kunamkausha maji upesi, na mtoto anategemea damu ile ile. Kuna pia homa ya ini aina ya E, inayoenea kwa maji yenye uchafu wa choo. Mtu wa kawaida mara nyingi hupona bila shida kubwa, ila mama aliye katika miezi mitatu ya mwisho anaweza kufa nayo. Si ugonjwa wa mbali. Mwaka 2012 ulizuka kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab, katika kaunti jirani yetu ya Garissa. Macho yakigeuka manjano na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, asiambiwe ni nyongo tu. Apelekwe siku hiyo hiyo.

Jirani mmoja alituletea shabu. Shabu hushusha tope, maji yakaonekana meupe, ila haiui vijidudu. Ni hatua ya kwanza tu. Baada ya kutulia na kuchujwa kwa leso safi, maji yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu kwa dakika moja, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ukitia dawa kwenye maji ya tope, tope huila nguvu yake.

Na ile kauli kwamba dawa ya maji hufunga uzazi au huharibu mimba? Nimeisikia tangu nikiwa msichana na haina ukweli. Kwa kipimo chake, mjamzito anaweza kuyanywa maji hayo kila siku. Harufu ikimchefua, ayaache wazi kidogo chini ya kawa, yatapungua.

Jambo moja ambalo watu wachache wanalijua: kuchemsha hakuondoi chumvi. Visima vyetu vingi hugeuka vya chumvi bahari inapopanda, nasi tumezoea kusema "ni maji yetu, tumekua nayo." Utafiti uliofanywa pwani ya Bangladesh, ambako watu wana shida kama hii, uliyahusisha maji ya kunywa yenye chumvi na shinikizo la damu kwa wajawazito. Kwa hiyo kama nyumbani kuna mtungi mmoja tu wa maji matamu, mjamzito ndiye wa kwanza kuyanywa. Ya kisima yawe ya kufulia.

"Makaa yakishawaka mekundu hayana madhara"

Kuni zimelowa, jikoni hakuna paa, upepo unavuma. Basi jiko la makaa linaingizwa chumbani, na turubai linapigiliwa misumari mpaka hakuna tundu. Nyumba ya makuti kwa kawaida hupumua. Siku za tufani tunaiziba kwa mikono yetu.

Makaa yasiyotoa moshi bado yanatoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na hapo ndipo penye hatari, maana mama atadhani ni mimba. Damu ya mtoto tumboni huishika hewa hiyo kwa nguvu kuliko damu ya mama, na huchelewa kuiachia. Mama anaweza kutoka nje akajisikia nafuu huku mtoto bado yuko matatani. Jiko likae barazani au uani chini ya kipande cha bati, hata kama chakula kitachelewa. Jenereta nayo isiwashwe ndani wala chini ya dirisha.

"Samaki wa barafu akikaangwa sana haana neno"

Umeme ukikatika, samaki wa jokofuni huuzwa kwa bei ya kutupa. Jodari, nguru na vibua wakikaa kwenye joto hujijengea sumu ambayo moto hauiui, hata ukikaanga mpaka wakauke. Ulimi ukiwasha kama pilipili, temeni. Mjamzito ale dagaa waliokauka vizuri, kunde, au samaki aliyetoka baharini siku ile.

"Mbu ni wa mvua, na chandarua kinatosha"

Nusu ya maneno haya ni kweli. Mbu wa malaria huzaliana kwenye madimbwi, nao huja siku kadhaa baada ya mvua, wakati watu wamekwisha kusahau. Chandarua chenye dawa, kinachotolewa kliniki kwa wajawazito, ndiyo kinga ya usiku. Kwenye maeneo ya malaria hapa Pwani, kliniki humpa mama vidonge vya SP, dawa ya kuzuia malaria, kuanzia mwezi wa nne hata kama haumwi. Akipata homa, apimwe. Homa ya mjamzito isiitwe "baridi ya kusi" kabla ya kupimwa.

Nusu nyingine tumeisahau wenyewe wa Lamu. Mwaka 2004 mji wetu ulilazwa na chikungunya, ugonjwa uliowakunja watu viungo wasiweze hata kushika kikombe. Uchunguzi wa baadaye ulikadiria kwamba kiasi cha robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Na haikuwa masika, ulikuwa wakati wa ukame. Mbu wale walizaliana ndani ya nyumba, kwenye mitungi na mapipa ya maji yaliyowekwa akiba, nao huuma mchana. Mama akiambukizwa karibu na kujifungua anaweza kumpa mtoto. Kwa hiyo kila chombo kilichokinga maji ya tufani kifunikwe kwa kitambaa na kufungwa kamba, na vifuu vilivyojaa maji vipinduliwe. Kazi hii watoto wetu waliimaliza asubuhi moja.

"Afanye kazi nzito, mtoto ashuke"

Kutembea, kufagia, kupika akiwa amekaa, haya yanamfaa. Kulala kitandani kutwa hakumsaidii mjamzito mwenye afya. Lakini kubeba ndoo za tope, kuinua boriti za mikoko na kupanda ngazi kuezeka ni kazi za wanaume na majirani. Uchungu wa kuzaa hauletwi na ndoo, na mgongo ulioumia hauharakishi chochote.

"Ameingiliwa na upepo wa bahari"

Hapa naandika kwa uchungu, kwa kuwa nimeshuhudia. Mwaka fulani, baada ya siku tatu za mvua, mama mmoja wa mtaa wetu alilalamika kichwa, akaona ukungu mbele ya macho, uso ukamvimba. Usiku akaanguka, akatupa mikono na miguu. Wazee wakasema ni jini la baharini, lililopandishwa na mawimbi. Akasomewa, akafukizwa ubani, mpaka alfajiri. Mama alipona baada ya kufikishwa hospitali. Mtoto hakupona.

Kile kilikuwa kifafa cha mimba. Huanzia kwenye shinikizo la damu linalopanda baada ya mimba kupita wiki 20. Likifika 140 kwa 90 ni la kushughulikiwa. Dalili zake ni kama zile alizozitaja mama yule: kichwa kisichosikia dawa, macho kuona ukungu au nyota, uso na mikono kuvimba, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia. Dawa ya kuzuia degedege hilo ipo, ni sindano ya magnesiamu salfeti, na ni ya hospitali. Linaweza kumpata mama hata siku kadhaa baada ya kujifungua.

Akianguka, mlazeni ubavu wa kushoto, ondoeni vitu vya kumuumiza, msimtie kijiko wala kidole mdomoni, na tafuteni chombo. Dua haina pingamizi. Inaweza kusomwa ndani ya boti, njiani kwenda hospitali ya Faza au King Fahd ya Lamu mjini.

Dalili nyingine za kuondoka bila kungoja ni damu kutoka, maji kuvuja, homa, au mtoto kupunguza kucheza. Huambiwa kwamba mtoto hunyamaza akijiandaa kuzaliwa. Si kweli. Mtoto aliyezoea kucheza hucheza mpaka mwisho, na akinyamaza anaomba msaada.

"Mashua itamharibia mimba, bora angoje"

Mtikisiko wa mashua hauharibu mimba iliyo salama. Kinachowapoteza mama zetu ni kungoja mpaka uchungu umeshika, usiku, bamvua limepita na maji ya bahari yamekupwa, nahodha anatafutwa kwa tochi. Kwa miaka mingi vyombo vya kutoka Pate vililazimika kungoja maji yajae ndipo vipite mlango mwembamba wa bahari wa Mkanda, na bahari haimsikilizi mwenye uchungu. Kusi huchafuka hasa kati ya Juni na Agosti. Mwanamke ambaye miezi yake inaangukia hapo ahesabu mapema, na ifikapo wiki ya 36 awe amekwisha kuhamia kwa ndugu aliye karibu na hospitali. Avae jaketi la kujiokolea, avuke asubuhi upepo ukiwa bado mdogo.

Kama alikosa tarehe ya kliniki kwa sababu ya tufani, aende siku ya kwanza inayowezekana. Wengine hukaa nyumbani wakiogopa kufokewa, na najua hofu hiyo haikuzuka bure, lakini shinikizo lisilopimwa mwezi mzima ni jambo kubwa kuliko maneno ya dakika mbili.

Mama mkwe wa wifi yangu aliguna niliposema haya. Yeye amezaa saba hapa hapa kisiwani na mkunga wake alikuwa na mikono mizuri. Sikumbishia. Nilimuuliza tu alizika wangapi. Alikaa kimya, akaitazama bahari, kisha akamwita mwanawe aende gatini Mtangawanda kuulizia boti.

Wanaondoka Alhamisi maji yakijaa. Shangazi yao wa mtaa wa Langoni, Lamu mjini, ameshatandika kitanda. Mfuko uko nyuma ya mlango: kitabu cha kliniki, leso tatu, nguo za mtoto, chandarua, nauli ya kurudi, na nambari ya simu ya nahodha imeandikwa kwa kalamu ndani ya jalada la kitabu, kwa kuwa simu hulowa. Mama mkwe ndiye atakayemsindikiza.