Vishimo vya Nyonga Havithibitishi Uzazi
Imani kwamba vishimo katika mifupa ya nyonga huthibitisha kuwa marehemu aliwahi kuzaa ni ya muda mrefu, lakini si sahihi, kwani huonekana pia kwa wasiozaa na, mara chache, kwa wanaume. Imani hiyo ilipotosha uchunguzi wa mwili uliopatikana Clermont, Florida, nchini Marekani, Septemba 1988: kwa miaka 27 alitafutwa mama aliyepotea, hadi kipimo cha vinasaba cha mwaka 2015 kilipoonyesha kromosomu za X na Y, ambazo kwa kawaida huwa za mwanamume, ikabainika kuwa Julie Doe, kama alivyoitwa kwa muda, alikuwa mwanamke aliyebadili jinsia. Inasikitisha kwamba ndugu zake hawangeweza kumtambua katika maelezo yale. Watafiti wa kujitolea wa DNA Doe Project, shirika linalotambua miili isiyojulikana kwa vinasaba, walifuatilia nasaba ya jamaa zake wa mbali, na mwaka 2025 jina lake likapatikana.