Harufu ya nyasi zilizofyekwa hupimwaje?

Fyeka ukoka asubuhi, na kabla hujanyoosha mgongo harufu yake imeshakufikia. Sisi tunaiita harufu ya ubichi. Kwa jani lenyewe ni kidonda. Panga likipasua seli, vimeng'enya hukutana na mafuta ya utando, hasa asidi ya linoleniki, na kuyakata vipande vyenye kaboni 6. Cha kwanza huitwa heksenali, nacho huanza kutoka ndani ya sekunde chache.

Kasi hiyo ndiyo huwasumbua wapimaji. Njia ya zamani, ambayo hatujaiacha, ni kuvuta hewa kupitia mrija wenye punje za kunasa kemikali, kisha kuupasha moto maabara na kuzitenganisha moja moja kwa kromatografia ya gesi, yaani kuzipitisha kwenye mrija mwembamba ambamo kila moja husafiri kwa kasi yake. Utaijua kila kemikali kwa jina lake. Ila ukivuta hewa nusu saa, jibu ni wastani wa nusu saa. Kishindo cha mwanzo kimemezwa humo.

Katika miaka ya 1990, Werner Lindinger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, walitengeneza mashine inayotumia molekuli ya maji iliyobebeshwa protoni ya ziada. Ikikutana na kemikali inayoshika protoni kwa nguvu kuliko maji, huiachia mzigo huo. Naitrojeni na oksijeni haziupokei, kwa hiyo hewa yenyewe haivurugi vipimo. Kilichopokea huongezeka uzito kwa 1: methanoli (alkoholi nyepesi) yenye uzito wa 32 huonekana kwenye 33, heksenali ya 98 kwenye 99. Majibu huja papo hapo. Kasoro yake ni kwamba kemikali mbili zenye uzito uleule haizitofautishi kirahisi, na hapo ndipo mrija wa kizamani unaporudi kazini.

Mashine hiyo ilipelekwa kwenye malisho ya bonde la Stubai, karibu na Innsbruck, ikiambatana na kipima upepo kinachosoma mara nyingi kwa sekunde. Methanoli, ambayo pua zetu hata haziitambui shambani, ilitoka kwa wingi, na iliendelea kutoka nyasi zikikauka. Kwa hiyo pua ni shahidi mbovu. Kemikali hizi zikichanganyika na oksidi za naitrojeni za magari juani, huchangia kuunda ozoni, gesi inayodhuru mapafu, karibu na ardhi. (Hilo si sababu ya kuogopa kufyeka uwanja wako.)

Huku kwetu, wataalamu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu nchini Kenya, walishirikiana na wenzao wa Uingereza kupima hewa inayotoka kwenye Melinis minutiflora, nyasi zinazonata na kunukia kama molasi. Mwaka 1997 walieleza kuwa nyasi hizo, bila hata kuumwa na mdudu, hutoa kemikali ileile ambayo mimea mingine huitoa ikishambuliwa. Nyigu wadogo huifuata, na wakifika kwenye mahindi yaliyopandwa pamoja na nyasi hizo, hutaga mayai ndani ya funza wa mabua.