Figo kwenye barafu: maji yake yanafanya nini hasa

Figo ikishatolewa kwa mchangiaji huwekwa mezani pembeni, ndani ya beseni la barafu iliyosagwa, bado imejaa damu. Naingiza mrija kwenye ateri yake, nafungua mfuko wa maji ya kuhifadhia unaoning'inia juu. Kwenye vena hutoka damu, kisha maji ya waridi, kisha maji safi, na figo inapauka sehemu moja baada ya nyingine. Pakibaki baka jeusi situlii, maana hapo maji hayajafika.

Wanafunzi huniuliza kwa nini tusitumie dripu ya kawaida iliyopozwa. Baridi ya nyuzi 4 hushusha mahitaji ya seli hadi karibu sehemu moja ya kumi, na hilo ndilo tunalolitaka. Ila baridi hiyohiyo huilemaza pampu inayotoa sodiamu nje ya seli na kurudisha potasiamu ndani. Sodiamu inaingia, maji yanaifuata, seli inavimba kama harage lililolowekwa usiku kucha.

Mwaka 1969, Marekani, Geoffrey Collins na wenzake walitunga maji yanayofanana na ya ndani ya seli: potasiamu nyingi, sodiamu kidogo, na glukosi ya kuzuia uvimbe. Figo za mbwa zikadumu saa 30. Tatizo, glukosi hupenya polepole, na ikishaingia hugeuka asidi.

Folkert Belzer na James Southard wa Wisconsin, miaka ya 1980, wakaiondoa. Mahali pake wakaweka laktobionati na rafinozi, molekuli kubwa zisizopita utando wa seli. Wakaongeza wanga maalumu, adenosini kama malighafi ya nishati, na glutathioni pamoja na alopurinoli za kupambana na sumu zitokanazo na oksijeni. Katika jaribio la Ulaya lililochapishwa 1992, figo zilizochelewa kuanza kazi zilikuwa asilimia 23, dhidi ya asilimia 33 za maji ya Euro-Collins, yaani yale ya Collins yaliyorekebishwa.

Nayaheshimu sana maji hayo ya Wisconsin. Lakini ni mazito, yanateremka taratibu, na wanga wake hufanya chembe nyekundu za damu zishikane mafungu, wakati sisi tunataka zitoke zote. Glutathioni nayo huharibika kadiri mfuko unavyokaa, kwa hiyo tarehe ya mfuko kwangu si shughuli ya mtu wa stoo peke yake. Wafaransa wa Lyon, katika maji yao ya IGL-1, waliweka polietilini glikoli, molekuli nyingine kubwa, badala ya wanga, na wakapindua uwiano: sodiamu nyingi, potasiamu kidogo. Figo zikafanya kazi vizuri tu! Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuiga ndani ya seli hakukuwa siri kubwa. Zinazobeba mzigo ni zile molekuli zisizopita utando.

Jeraha kubwa, hata hivyo, huja figo ikishashonwa kwa mgonjwa, tunapofungua kibano cha mshipa na damu yenye joto ikarudi. Figo iliyokosa oksijeni hurundika suksinati, masalia ya kazi ya kutengeneza nishati. Oksijeni ikirejea ghafla, mitokondria, vinu vya nishati vya seli, huichoma suksinati hiyo kwa pupa na kumwaga sumu zinazounguza seli kutoka ndani. Kwa hiyo siamini kwamba kuongeza kiungo kimoja zaidi kwenye mfuko kutatuvusha. Oksijeni inapaswa kuingia mapema, figo ikiwa bado baridi, suksinati iungue kidogokidogo.

Jaribio la COMPARE la mwaka 2020 lilifanya hivyo kwa namna ninayoipenda: figo mbili za mtu mmoja, wote wachangiaji wa miaka 50 na zaidi waliofariki moyo ukiwa umesimama. Moja kwenye mashine inayopitisha maji baridi ndani ya figo, yenye oksijeni, pacha wake kwenye mashine bila oksijeni. Baada ya mwaka, zilizoharibika zilikuwa asilimia 3 dhidi ya 10. Uwezo wa kuchuja wa zile zilizosalimika haukutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa, na hilo lazima lisemwe.

Hapa Tanzania, tangu Muhimbili ianze upandikizaji mwaka 2017, figo hutoka kwa ndugu aliye hai. Muda wa barafu ni mfupi, na mfuko mzuri unatosha. Figo ya marehemu inayosafiri usiku kucha ni habari nyingine. Hiyo inahitaji maji mepesi, yasiyoshikanisha damu, yaliyotungwa tangu mwanzo kwa ajili ya figo inayopewa oksijeni, na glutathioni iongezwe siku hiyohiyo.