Kipandikizi cha kokilea hakinyooshi matamshi siku kinapowashwa

Wengi hudhani mtu mzima aliyepoteza usikivu akishawekewa kipandikizi cha kokilea, yaani kifaa cha kusikia kinachopandikizwa kwenye sikio la ndani, matamshi hunyooka mara kinapowashwa. Sivyo. Kifaa hupeleka sauti kwenye neva ya usikivu kwa elektrodi (ncha za umeme) chache, 12 hadi 22. Ubongo huhitaji miezi kuzizoea, na ulimi hulifuata sikio polepole.

Ukitaka kufuatilia matamshi yake, sauti za kuangaliwa kwanza ni "s" na "sh". Mrekodi mtu huyo akisema "suka" na "shuka", mara kumi kila neno, maikrofoni sentimita 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Hifadhi kama faili la sauti la WAV, lenye sampuli 44,100 kwa sekunde. Usirekodi kupitia simu iliyopigwa: laini ya kawaida hukata kila kilicho juu ya hezi 3,400, na nguvu nyingi ya "s" iko juu ya 4,000. Kwenye programu ya Praat, inayochora sauti kama picha, wingu jeusi la "sh" huanzia chini zaidi kuliko la "s". Mawingu yakifanana, tofauti imefifia.

Kisumu kuna mtego. Dholuo, lugha ya Waluo wa huko, haina "sh", kwa hiyo huenda mtu amesema "suka" kwa maneno yote mawili tangu utotoni. Hiyo ni lafudhi, na ni dhuluma kuiandika kama kasoro ya uziwi. Mlinganishe na rekodi yake mwenyewe ya kabla ya upasuaji, si na mtangazaji wa redio.