Waje wachukue hawa wangu

Mama mmoja anayeanika dagaa pale mwalo wa Kibirizi, nilipomwambia kuna nzi wanalindwa kwa sheria, aliacha kugeuza dagaa wake akanitazama. "Mwanangu, waambie waje wachukue hawa wangu. Bure, na mfuko nawapa."

Tulicheka. Ila maneno yake yamebeba dhana kubwa kuliko zote: nzi hawezi kuisha. Nzi wa Kibirizi kweli hawezi, kwa sababu hachagui. Samaki, choo, jalala, kote kwake. Niliyekuwa namsema mimi ni *Drosophila heteroneura*, anayepatikana katika kisiwa kikubwa cha Hawaii peke yake, na yeye anachagua mno. Funza wake hukulia ndani ya gome linalooza la mimea michache ya msituni, hasa ile ya jamii ya *Clermontia*. Mimea hiyo ikikosekana, jike hana pa kutagia, hata msitu wenyewe uwe wa kijani namna gani. Dume, kwa taarifa yako, ana kichwa kipana kama nyundo, macho yamesogea pembeni kabisa, na madume husukumana kwa vichwa kama mabeberu wakigombea eneo. Mabawa yake yana madoa utadhani yamechapwa kiwandani. Mwaka 2006 Marekani iliorodhesha kwa mpigo spishi 12 za nzi wa Hawaii wenye mabawa ya namna hiyo: 11 zikiwa hatarini kutoweka, na moja ikielekea huko.

Wengine wakisikia jina *Drosophila* husema: "Kumbe nzi wa matunda! Si ndio wanaotuozeshea maembe?" Hapana. Anayetoboa maembe ya Ujiji ni *Bactrocera dorsalis*, mgeni kutoka Asia aliyegunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003. Ni wa familia nyingine kabisa. Wa Hawaii hana habari na embe lako.

Wengine hudhani ni dawa za kuulia wadudu zinazommaliza. Nilidhani hivyo pia. Kumbe mkosaji mkubwa ni nguruwe. Visiwa vile havikuwa na nguruwe, mbuzi wala ng'ombe mpaka binadamu alipowaleta. Mimea ya huko ilizoea maisha yasiyo na mla majani wa aina hiyo, kwa hiyo nguruwe pori hufukua mizizi, hutafuna mashina laini na kukanyaga miche. Mti mzee unaanguka na hakuna mdogo wa kushika nafasi yake. Ndiyo maana kazi kubwa ya uhifadhi kule ni kujenga uzio na kuondoa wanyama. Kuna na moto, unaochochewa na nyasi ngeni, na baadhi ya nyasi hizo asili yake ni huku kwetu Afrika. Zile zile tunazolishia ng'ombe.

Wengine wakisikia kwamba nzi hawa huliwa pia na sisimizi na nyigu, husema: "Basi wadudu kuliana ni asili, tuwaache." Ingekuwa asili kama wangekua pamoja. Hawaii haikuwa na sisimizi wa asili hata mmoja. Waliopo wote wameletwa, na nyigu wakali kutoka Amerika Kaskazini wakafuata. Nzi aliyeishi vizazi na vizazi bila kukutana na sisimizi hajui hata cha kukimbia.

Swali gumu aliniuliza mfuga nyuki mmoja wa Urambo, mtu aliyeumwa na mbung'o tangu utoto: "Unguja walimaliza mbung'o wakapongezwa, leo hawa walindwe?" Ni kweli. Waliachia madume yaliyofanywa tasa kwa mionzi, na mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Unguja mwaka 1996. Lakini yule alikuwa akieneza ugonjwa wa nagana kwa ng'ombe. Wa Hawaii hamuumi mtu wala mnyama, anakula vinavyooza. Tena mbung'o wa aina ile ya Unguja bado yupo mwambao wa bara, kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini. *Heteroneura* hana bara.