Kichekesho cha uakifishaji: maana yake na jinsi kinavyozuka mabangoni

Kichekesho cha uakifishaji ni kicheko kinachozuka pale alama ya uandishi iliyowekwa pasipo pake, au iliyoachwa mahali ilipohitajika, inapolifanya bango liseme jambo ambalo mwenye bango hakulikusudia. Si kosa la tahajia la kawaida, kwa maana anayeruka herufi moja ameliharibu neno, ila msomaji bado anaelewa lilikuwa neno gani. Alama hubeba sauti ya msemaji: wapi alituliza pumzi, nani alikuwa akiitwa, na maneno yapi ni yake au ya mtu mwingine. Ikikosewa, sauti nzima inabadilika.

Tulitazame bango la getini: USIINGIE MBWA MKALI. Mwenye nyumba ametoa amri na sababu yake, na nukta moja ingetosha kuvitenganisha: “Usiingie. Mbwa mkali.” Akichora mkato badala ya nukta ndipo mambo yanapoharibika kabisa, kwa kuwa mkato unaofuata amri na kutangulia nomino humwita anayeamrishwa, kama tusemavyo “Njoo, mwanangu.” Sasa anayekatazwa kuingia ni mbwa, na mpita njia hana tena la kuhofia.

Ritifaa, yaani alama ya ('), nayo ina visa vyake. Mabucha mengi huandika NYAMA YA N'GOMBE, ilhali sauti ya ng' ni moja na alama yake hukaa baada ya g, ili msomaji asiitamke kama ng ya ngoma. Ikiachwa kabisa kwenye kibao cha TUNANG'OA MENO, yule aliyekulia kwenye Kiswahili cha pwani, ambako ngoa ni wivu au hamu kubwa, husoma kwamba wenye kibao “tuna ngoa”, na meno yamebaki bila kitenzi. Kisa hiki kinanisikitisha kuliko kinavyonichekesha, kwa sababu ritifaa ni sehemu ya neno lenyewe, na lugha huipoteza kidogo kidogo machoni petu.

Alama zenye mavuno makubwa zaidi ni zile za mtajo, yaani (“ ”). Vitabuni huzingira maneno yaliyosemwa na mtu mwingine, na pia neno ambalo mwandishi hataki kulidhamini: tukiandika kwamba “daktari” yule alitoroka, kila mtu anajua kwamba hakuwa daktari. Mchoraji wa mabango huzichukua kwa kazi nyingine kabisa. Ameona magazetini kwamba neno lililozingirwa huvuta jicho, basi anazitumia kukazia, sawa na kupiga mstari chini ya neno. Ndivyo tunavyopata SUPU YA MBUZI “SAFI” IPO, na mteja anaanza kukitilia shaka chungu. Alama hizo zikihamia neno moja nyuma, zikawa SUPU YA “MBUZI” SAFI IPO, shaka inamhamia mnyama. Vivyo hivyo kwa tangazo tunalolijua sana nchini Tanzania, NYUMBA HII HAIUZWI, ambalo huandikwa ukutani kuwaonya wanunuzi wasitapeliwe. Likizingirwa lote kwa alama za mtajo, linakuwa kauli ya mtu fulani katika ugomvi wa ndugu, na msomaji anabaki akitaka kusikia upande wa pili unasemaje.

Niliwahi kumuuliza fundi mmoja, aliyekuwa akimalizia kibao cha mgahawa, kwa nini amezingira neno SAFI. Akanijibu, “Ili lionekane, bwana.” Nilimwandikia kwenye karatasi sentensi ya yule daktari aliyetoroka. Aliisoma mara mbili, akacheka kwa sauti, kisha akachovya brashi kwenye rangi nyeupe ya kibao na kuzifunika alama zote mbili. Neno SAFI akalirudia kwa rangi nyekundu, herufi nene kuliko zote.